Friza la kulala au friji la kioo: duka la chakula lichukue lipi?

Kwenye bili ya umeme, friza la kulala linashinda. Hewa baridi ni nzito, hivyo ukiinua mfuniko nyingi inabaki chini. Friji la kioo likifunguliwa, baridi inamwagikia miguuni mwa mteja na kompresa (mashine inayosukuma gesi ya kupoza) inahangaika upya. Juu ya hapo lina taa, feni na kioo kinachopitisha joto.

Umeme ukikatika, tofauti ni kubwa zaidi: friza lililojaa, lisipofunguliwa, hushika ubaridi takriban saa 48, na lililojaa nusu tu, takriban saa 24. Friji, kama saa 4 tu. Anayeuza samaki na nyama penye mgao asisite.

Ila maziwa na soda zinazoonekana hununuliwa haraka. Penye umeme wa uhakika friji la kioo hujilipa.

Matunzo? Friza liyeyushwe barafu ikifika nusu sentimita, na kamwe usikwangue kwa kisu: ukitoboa bomba la gesi, umeliua. Kwenye friji, bana karatasi mlangoni. Ikichomoka bila kukaza, mpira umechoka. Yote mawili, futa vumbi kwenye kondensa (mabomba yanayotoa joto nje) na funga kifaa cha kulinda friji kinachochelewesha umeme dakika chache unaporudi.