Kusaka hitilafu kwenye SBCL, Hunchentoot na Postmodern: uzoefu wangu

Ninashika mfumo wa mauzo na stoo wa duka la vipuri vya pikipiki, na upande wa seva wote umeandikwa kwa Common Lisp, lugha ya programu ya ukoo wa Lisp. Kompaila (inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) ni SBCL, seva ya wavuti ni Hunchentoot ya Edi Weitz, na kuongea na hifadhidata ya PostgreSQL natumia Postmodern, maktaba iliyoanzishwa na Marijn Haverbeke. Vyote ni bure na huria. Mengi ninayoyasoma kuhusu Lisp yanasifu uzuri wa lugha yenyewe, mabano na makro zake (msimbo unaoandika msimbo). Hayo sitayagusa. Ninachotaka kueleza ni siku mambo yanapogoma: zana hizi zinakubeba vipi, na zinakuacha njiani wapi.

Nianze na Hunchentoot, kwa sababu hapo ndipo wengi hukata tamaa mapema. Ukiiwasha bila kugusa mipangilio, kosa likitokea ndani ya msimbo wako mtumiaji anaona ukurasa wa 500 usio na maelezo yoyote, na wewe unaachiwa mistari kwenye logi. Kwa mteja hiyo ni sawa kabisa, hana haja ya kuona utumbo wa programu yako. Kwa mtengenezaji ni kufumbwa macho. Swichi inaitwa *catch-errors-p*. Ikiwa T (ndiyo), ambayo ndiyo hali yake ya kawaida, seva inalidaka kosa, inaliandika kwenye logi na maisha yanaendelea. Ukiiweka NIL (hapana), kosa linafika hadi kwenye dibaga, zana ya kuchunguza makosa. Kama umeunganisha kihariri cha Emacs kwa SLIME, kiungo chake cha Lisp, dirisha linafunguka mbele yako, huku kivinjari upande wa pili kikizunguka kusubiri jibu.

Na utamu wote uko hapo. Programu haijafa. Imesimama palepale ilipokwama, ombi la mteja likiwa bado mkononi mwake.

Chukua taarifa za malipo ya simu. Mteja analipa, mtandao unaituma taarifa kwenye seva yangu ikiwa JSON (maandishi yaliyopangwa kwa jina na thamani), nami nasoma kiasi na kukiingiza kwenye jedwali. Siku moja taarifa ikaja bila sehemu niliyoizoea, na SBCL ikalalamika kwamba thamani NIL si ya aina ya NUMBER. Kwenye lugha nyingine ningebaki na orodha ya miito, kisha ningeanza kubuni taarifa ya uongo inayofanana na ile ya kweli ili kosa lijirudie. Hapa nilishuka kwenye fremu (mwito wa funksheni) iliyokosea, nikabonyeza t kuona vigezo vyake, nikaiona JSON yenyewe kama ilivyofika. Herufi v inakupeleka kwenye mstari wa msimbo. Herufi e inakuruhusu kujaribu usemi wowote ndani ya fremu ile, ukitumia vigezo vyake vilevile. Nikairekebisha funksheni, C-c C-c kuikompaili, nikarudi juu kidogo hadi kwenye fremu iliyokuwa ikiiita, kisha r kuianza upya. Ombi lilelile likapita, rekodi ikaingia. Ni kama fundi anayebadilisha plagi huku injini inaunguruma, na ukishaonja hilo, kurudi kwenye kuchapisha vigezo na kuwasha upya seva kunachosha kweli.

Kuna masharti. Msimbo uwe umekompailiwa ukiwa umetangaza debug 3 (kiwango cha juu cha taarifa za uchunguzi), la sivyo SBCL inaboresha mambo kwa kasi yake, fremu nyingine zinapotea kabisa na vigezo vinasomeka kuwa havipatikani. Pia anayesubiri upande wa pili hatasubiri milele: ukichelewa kwenye dibaga, mtumaji atakata tamaa na kuituma taarifa tena baadaye. Kwa hiyo jedwali la malipo lina kizuizi cha namba ya muamala isijirudie, na msimbo unaipokea hali ya cl-postgres-error:unique-violation (namba imejirudia) kama jambo la kawaida, unajibu 200 (yaani sawa) na kunyamaza. Kila kosa muhimu la PostgreSQL limepewa jina lake kwa namna hiyo. Hilo nalipenda sana, maana hulazimiki kuchambua maandishi ya ujumbe wa kosa kama mpiga ramli.

Sasa upande wa maumivu.

La kwanza ni nyuzi, yaani kazi zinazoendeshwa sambamba ndani ya programu moja. Hunchentoot hukipa kila kiunganishi kinachoingia uzi wake. Postmodern huhifadhi muunganisho wa hifadhidata kwenye kigezo *database*, na makro ya with-connection hukifunga kigezo hicho kwa muda wa msimbo ulio ndani yake tu, tena kwa uzi ule tu. Mgeni wa Lisp hufanya jambo linaloonekana la busara: anaizungushia with-connection ile amri ya kuwasha seva. Kwenye REPL (dirisha la kuandika amri na kupata jibu papo hapo), ulizo la hifadhidata lililozungushiwa with-connection linafanya kazi. Akifungua ukurasa kwenye kivinjari, msimbo uleule unalia kwamba hauna hifadhidata, kwa sababu uzi mpya haurithi kilichofungwa kwenye uzi uliouzaa. Anaona heri atumie connect-toplevel, inayoweka muunganisho mmoja kwa wote. Inafanya kazi! Mpaka watu wawili wafungue ukurasa kwa wakati mmoja, ndipo cl-postgres, maktaba iliyo chini ya Postmodern, inapogoma ikisema muunganisho bado unashughulikia ulizo jingine. Kosa hili ni baya kwa sababu ukijaribu peke yako mezani hulioni. Linasubiri Jumamosi duka likijaa.

Dawa yake ni fupi: with-connection iwe ndani ya kila kishughulikia ombi, ikiwa na :pooled-p t ili miunganisho itumike tena badala ya kufunguliwa kila mara. Mimi nimeiweka kwa kuandika mbinu ya :around juu ya acceptor-dispatch-request, inayozunguka kila ombi, hivyo siikumbuki tena. Lakini weka macho kwenye *max-pool-size*, idadi ya juu ya miunganisho. Kawaida yake ni NIL, maana yake hakuna kikomo, ilhali PostgreSQL kwa mipangilio yake ya mwanzo hukubali miunganisho 100 tu. Ukitaka kujua nani ameshikilia nini, mwonekano (view) wa pg_stat_activity ndio rafiki yako, hasa mistari inayosomeka "idle in transaction". Kila nilipoiona hiyo, kulikuwa na uzi umelala kwenye dibaga katikati ya muamala wa hifadhidata (kundi la mabadiliko yanayokubaliwa yote au kukataliwa yote), ukisubiri mtu aje abonyeze q kuufunga.

Muunganisho ukikatika, labda kwa sababu PostgreSQL imewashwa upya, Postmodern haikuachii kosa tupu. Inakuja na njia ya kuendelea inayoitwa :reconnect. Ukiandika handler-bind (kishika makosa cha Lisp) inayoichagua njia hiyo, ulizo linarudiwa kwenye muunganisho mpya bila mteja kujua chochote. Nimeona maktaba nyingi za lugha nyingine zinazolazimisha uandike mzunguko wako wa kujaribu tena. Hii imekaa mahali pake. Ila usiichague kibubusa ukiwa katikati ya muamala, kwa sababu muunganisho mpya haujui chochote kuhusu nusu ya kwanza iliyopotea.

La pili ni NIL. Kwenye Lisp, NIL ni uongo, tena ni orodha tupu. Kwenye SQL kuna NULL, ambayo si uongo wala si tupu. Postmodern imeamua hivi: NULL ikitoka kwenye hifadhidata inakuja kama :NULL, na false inakuja kama NIL. Uamuzi huo ni sahihi, lakini una mtego. :NULL ni alama kama alama nyingine, kwa hiyo mbele ya if ni kweli. Ukiandika "kama mteja ana namba ya simu, mtumie ujumbe", wasio na namba nao watahesabiwa kuwa nayo. Kinyume chake, ukiipeleka NIL kwenye hifadhidata inakwenda kama false, na safu ya namba itaikataa palepale. Hapa hakuna ujanja wa dibaga utakaokuokoa usipolijua jambo lenyewe. Nimeandika funksheni mbili ndogo mpakani, moja ya kuingia na moja ya kutoka, na thamani yoyote inayoweza kukosekana lazima ipite hapo.

Fedha, kwa upande mwingine, zinanifurahisha. Safu ya aina ya numeric inarudi kama sehemu kamili, haigeuzwi kuwa desimali ya kukadiria. Piga VAT ya asilimia 18 kwenye shilingi 12,345 utapata 22221/10, yaani 2,222.10 bila chembe kupotea. Ubaya ni kwamba usipoipanga kabla ya kuionyesha, mteja atasoma hiyo 22221/10 kwenye risiti na kukupigia simu. Tarehe nazo, ukiacha mipangilio ya awali, zinakuja kama sekunde zinazohesabiwa kuanzia 1900, wakati JavaScript kwenye kivinjari inahesabu milisekunde kuanzia 1970. Tofauti ya mianzo hiyo miwili ni sekunde 2,208,988,800. Ukiona tarehe imeruka takriban miaka 70, usihangaike na saa za kanda, tafuta hapo.

La tatu ndilo linalonikera kuliko yote, na limezaliwa na uzuri uleule niliousifu. Unapokuwa unarekebisha programu ikiwa hai, kilichomo kwenye kumbukumbu na kilichomo kwenye faili vinaanza kutengana kimyakimya. Umefuta funksheni kwenye faili? Kwenye kumbukumbu bado ipo, na msimbo unaoitegemea unaendelea kupita. Umebadilisha thamani ya defvar na kulipakia faili upya? Haibadiliki, kwa sababu defvar haigusi kigezo ambacho tayari kina thamani. Hiyo ni kazi ya defparameter. Umerekebisha makro? Wote walioitumia wanabaki na umbo la zamani mpaka nao wakompailiwe upya. Hili la mwisho linaweza kukupotezea mchana mzima: unaiona makro mpya kwa macho yako, unaijaribu kwenye REPL inajibu sawasawa, lakini ukurasa unafanya yale ya jana. Kosa likinishinda kuelewa, siku hizi naanza kwa kuiua SBCL na kupakia kila kitu upya kutoka sifuri. Makosa mengi ya ajabu yanayeyuka hapo hapo, na mengine yanajitokeza kwa mara ya kwanza.

Kwenye seva yenyewe ya wateja naacha *catch-errors-p* ikiwa T. Ukiiweka NIL huko, kila kosa linaacha uzi umening'inia ukisubiri binadamu. Swank, upande wa seva wa SLIME, ninayo, lakini inasikiliza poti 4005 kwenye localhost tu (mashine yenyewe), na naifikia kwa handaki la SSH (njia iliyosimbwa). Tafadhali usiifungue poti hiyo kwa dunia: anayeifikia anaweza kuendesha msimbo wowote, na haimwombi nywila. Nikiingia kwa njia hiyo naweza kuangalia vigezo na kubadilisha funksheni moja bila kumtoa mtu kwenye mfumo. Hilo lina thamani, maana vikao vya Hunchentoot vinakaa kwenye kumbukumbu, na ukiizima seva kila muuzaji analazimika kuingia upya. Ninachokirekebisha huko nakiandika kwenye faili saa ileile, kabla hata sijafunga handaki.

Kumbukumbu nayo ina kisa chake. SBCL inatenga nafasi yenye kikomo, na ulizo linalobeba jedwali zima bila LIMIT (kikomo cha mistari) linaweza kuijaza. Mara nyingine unapata kosa la kawaida unaloweza kulishika. Mara nyingine mchakato mzima unaanguka na maneno "Heap exhausted, game over." Hapo hakuna dibaga wala njia ya kuendelea, SBCL imekufa kama programu nyingine yoyote. Swichi ya --dynamic-space-size inaongeza nafasi, lakini ripoti ya mauzo ya mwaka mzima inafaa ijumlishwe na PostgreSQL, ndiyo kazi yake. Naiendesha SBCL chini ya systemd, msimamizi wa huduma wa Linux, ili ikianguka iamshwe.

Je, ningempa mtu mwingine zana hizi? Inategemea ni nani. Nyaraka za Hunchentoot na Postmodern zimeandikwa vizuri kuliko nilivyotarajia, na Quicklisp, kipakuzi cha maktaba za Lisp, ikishapakua maktaba zinabaki kwenye kompyuta yako, jambo ambalo mwenye bando la kuhesabu atalithamini. Lakini bila Emacs nusu ya niliyoyasifu hapa inapotea, na Emacs ni mlima wa peke yake. Mwenzangu aliyekuwa anaanza nilimwelekeza Racket, lugha nyingine ya ukoo wa Lisp. Seva ya wavuti na maktaba ya hifadhidata zinakuja ndani ya usakinishaji, na virtual-connection yake humpa kila uzi muunganisho wake, kwa hiyo ule mtego wa nyuzi hataukuta. Atakachokosa ni ile dibaga inayokuacha urekebishe na kuendelea pale pale. Clojure, Lisp inayoendeshwa juu ya Java, nayo ina soko kubwa zaidi la ajira, ila orodha zake za miito zimejaa majina ya Java, na niliona nasoma mengi kabla ya kufika kwenye mstari wangu.

Kwa mfumo wa mtu mmoja, wenye watumiaji wanaojulikana na makosa yanayokuja kwa sura mpya kila wiki, SBCL naipa nne kati ya tano. Nyota ya tano imeliwa na zile makro zinazobaki na umbo la zamani.