Nimeambiwa diski imekufa, kumbe haijaumwa hata mafua: fundi wa ghorofani karibu na Soko Kuu Arusha

Nyie wenye steshenari na kompyuta za mtumba someni hii maana yamenikuta. Mi nina kaduka Sakina, fotokopi, kuprinti, picha za pasipoti, na desktop moja tu ndo inabeba kila kitu. Sasa mwezi uliopita ikaniletea ujumbe kuna apdeti ya bayosi (ile programu ndogo inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows), nikasema ngoja nibonyeze, ikajizima ikajiwasha, mstari ukatembea weee, feni ikapiga kelele kama haisi bovu kwenye mlima, ilipowaka tena ni skrini ya bluu imeandikwa INACCESSIBLE BOOT DEVICE, yaani diski ya kuwashia haifikiki. Nazima nawasha, bluu. Nachomoa nachomeka, bluu. Na humo ndani kuna mitihani ya majaribio ya shule mbili sijaprinti hata karatasi moja, hela ya awali nimeshachukua na nimeshaila.

Nikabeba kwa fundi wa kwanza, huyo simtaji, ana watoto anasomesha. Hata bisibisi hakushika. Kasoma ile bluu tu akaniambia dada hapa hadidiski imeshakufa, SSD mpya (diski ya kisasa) elfu themanini na tano, ufundi thelathini, na kama unataka mafaili yako ya zamani hiyo ni laki na nusu peke yake. Mashine ikakaa kwenye shelfu lake siku 11 nikihangaika na hela, nikipiga simu ananiambia "subiri kidogo dada, mzigo upo njiani unatoka Dar". Mwisho mwalimu mmoja mteja wangu akasema kaichukue hiyo mashine leo leo, akanielekeza kwa huyu kijana.

Unapanda ngazi zenye giza, unawapita mafundi cherehani wawili, mlango wenye pazia la kitenge. Kitu cha kwanza aliniuliza, "Mama, ulifanya nini kabla haijagoma?" Jamani swali dogo hivyo na kwa yule wa kwanza sikuulizwa! Nikamwambia apdeti, akacheka kidogo, akachomeka, akaingia kwenye bayosi akanigeuzia skrini. Diski ipo, jina lake na ukubwa wake vinasomeka. Akasema hii haimaanishi ni nzima, ila tusiizike bado. Akaniuliza kama ina kufuli la BitLocker, sijui hata ni mdudu gani, akasema ni la Windows la kuifunga diski isisomwe na mtu mwingine, basi bahati yako, maana ukiapdeti bayosi bila kulisimamisha kwanza inaweza kukudai namba ya siri yenye tarakimu 48, ukikosa ndo basi tena.

Kisha akafika penyewe. Kuna sehemu inaitwa SATA mode, yaani namna kompyuta inavyoongea na diski, ilikuwa imesimama kwenye namna inayoitwa RAID. Akanieleza hivi, Windows yangu iliwekwa mashine ikiwa kwenye namna nyingine, AHCI, apdeti ikarudisha mipangilio ya kiwandani, sasa Windows inaamka inakuta mlango wa diski umebadilishwa kitasa na dreva (programu ya kuongoza kifaa) iliyozoea kuamka nayo ni ya kitasa cha zamani, inaanguka hapo hapo. Akabadilisha kimstari kimoja, akabonyeza F10, dakika haikuisha nikaona picha ya kipaimara ya mwanangu pale kwenye skrini. Nilipiga kigelegele fundi cherehani mmoja akaja kuchungulia.

Mi nikawa nishashika pochi nilipe niondoke. Akasema bado mama, akachomoa waya wa umeme, akaendelea na simu ya mtu mwingine kama robo saa, akachomeka. Bluu tena!! Roho ikanishuka mpaka kwenye viatu. Yeye hana hata habari, akanionyesha tarehe, imerudi 2016. Betri, ile ya duara kama sarafu, CR2032, ndo inatunza tarehe na mipangilio ya bayosi umeme usipokuwepo, inatakiwa iwe na volti 3, akaipima mbele yangu ikasoma 2.1. Inaelekea ilikuwa inachechemea siku nyingi, zile siku 11 kwenye shelfu bila umeme ndo zikaimalizia. Na mi kila jioni nazima swichi ukutani, kwa hiyo angeniachia hivyo kesho yake asubuhi ningekuta bluu dukani na ningemtukana bure.

Alipoweka betri mpya akafungua CrystalDiskInfo, programu ya kuangalia afya ya diski, kwa sababu nililalamika kwamba hata kabla ya hapo ilikuwa inagandaganda nikikopi mafaili. Sekta (vipande vya diski) zilizohamishwa kwa ubovu sifuri, zinazosubiri kuhamishwa sifuri, ila mstari wa C7, makosa ya CRC, yaani data kuharibika njiani, namba ni kubwa. Akasema hiyo mara nyingi sio diski, ni waya, na kweli ule waya wa data ulikuwa umekunjwa kama mguu wa panzi na umelegea. Akaweka mwingine. Ile namba haishuki hata ukirekebisha, usije ukashtuka, cha kuangalia isiongezeke, na mpaka leo wiki ya tatu imesimama pale pale.

Jumla elfu ishirini, waya na betri humo humo.

Sasa ubaya wake, maana sijalipwa kumsifia. Simu hapokei, we nenda tu. Kiti ni kimoja na anakalia yeye. Risiti aliniandikia nyuma ya karatasi ya daftari. Aliniacha katikati ya kazi akahudumia laptop ya mzee mmoja aliyekuja na haraka zake, nikanuna. Na akanigombeza, mimi mtu mzima, kwamba naapdeti bayosi bila yupiesi (lile betri la kushikilia umeme ukikatika) wakati umeme wenyewe tunaujua, ungekatika katikati ingebidi abane kile kichipu cha bayosi chenye miguu minane kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) akiandike upya, na hapo sio elfu ishirini tena. Kibanio chenyewe kilikuwa kinaning'inia ukutani na vumbi lake.

Nne kati ya tano. Nenda asubuhi kabla ya saa nne, ukikuta pazia limefungwa fundo kaenda kunywa chai, muulize fundi cherehani wa kwanza, huyo ndo ana ufunguo.