Sindano mbili za mgongo na kiti cha cherehani

Mimi ni fundi cherehani, na kwa kazi yetu mgongo kuuma ni kama vumbi la vitambaa, unazoea. Ila maumivu haya hayakuwa ya kuzoeleka. Yalianzia kiunoni upande wa kulia, yakashuka makalioni, yakapita ubavuni mwa paja na mguu hadi kidole gumba. Nikipiga chafya naona nyota. Ilifika mahali nashona kwa kukanyaga pedali na mguu wa kushoto, wa kulia nimeunyoosha chini ya meza, na baada ya dakika 12 lazima niinuke. Najua ni 12 kwa sababu nilikuwa nazihesabu.

Picha ya MRI ilionyesha diski iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno imechomoza na kubana mshipa wa fahamu. Vidonge nilimeza. Mazoezi yalinishinda, maana kila nikiinama mguu unapigwa shoti. Ndipo ikaja habari ya sindano.

Dada yangu aliposikia alinipigia simu huku analia, eti nitapooza. Wengi wanaichanganya na ile ganzi wanayochomwa akina mama wakati wa upasuaji wa uzazi, kwa sababu zote tunaziita sindano ya mgongo. Ile mara nyingi huingia hadi kwenye maji yanayozunguka uti wa mgongo, ndiyo maana mwili wote wa chini unakufa ganzi. Hii yangu inaishia nje ya utando wa maji hayo, na kinachowekwa ni steroidi ya kutuliza uvimbe pamoja na ganzi kidogo. Hairudishi diski mahali pake. Inautuliza mshipa uliokasirika, basi. Lakini dada naye hakuwa anaota. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba sindano hizi, kwa nadra sana, zimewahi kusababisha kiharusi, kupooza na hata upofu. Nilijua hivyo nikaenda, kwa sababu usingizi ulikuwa umekwisha kabisa.

Sindano ya kwanza nilichomwa kliniki moja nisiyopenda kuitaja. Nilikaa kitandani nimekumbatia mto, daktari akapapasa mgongo kwa vidole, akachoma katikati. Hakuna eksirei, hakuna skrini. Muda aliotumia ndio ninaotumia mimi kujaza uzi kwenye bobini. Mguu ulipoa kwa saa sita hivi, ganzi ilipoisha maumivu yakarudi vilevile, na hayakuondoka tena.

Kilichoniudhi zaidi ni sukari. Mimi nina kisukari, kimeandikwa kwenye faili langu, na hakuna aliyeniambia kwamba steroidi hupandisha sukari kwa siku kadhaa. Siku ya pili nikajipima, 17. Kawaida yangu ni 7 au 8. Nikadhani mashine imeharibika, nikabadilisha betri, bado. Nikamshika mume wangu nikamtoboa kidole: yeye 5. Mashine ilikuwa nzima.

Miezi mitatu baadaye nilikwenda hospitali nyingine. Huko nilihojiwa kabla hata ya kupangiwa siku. Unatumia dawa ya kuyeyusha damu? Una mzio wa dawa yoyote? Una homa au kidonda chochote? Kisukari wakakiandika kwa wino mwekundu, nikapewa utaratibu wa kujipima kila siku. Nikaambiwa nije na mtu wa kunirudisha nyumbani, maana siku hiyo sitaruhusiwa kuendesha gari.

Unalala kifudifudi, mto chini ya tumbo. Mashine ya eksirei ina mkono uliopinda unaokuzunguka juu na chini ya kitanda. Dawa ya kusafisha ngozi ni ya baridi na inateremka pasipotarajiwa. Ganzi ya ngozi ilichoma kama siafu, na kwangu hapo ndipo palipouma kuliko kwingine kote. Baadaye unasikia uzito tu, kama mtu anakukandamiza kwa kidole gumba. Safari hii sindano ilipita pembeni, kuelekea kwenye tundu ambalo mshipa unatokea. Kabla ya steroidi akaweka dawa inayoonekana kwenye eksirei. Niligeuza kichwa nikaiona kwenye skrini, mstari mweusi ukishuka taratibu kama uzi unaopenya kitambaa cheupe. Hapo nikaelewa kwamba ile ya kwanza ilikuwa kubahatisha.

Steroidi yenyewe ilikuwa deksamethasoni. Daktari alisema anaichagua kwa sehemu hiyo kwa sababu haina chembechembe za kuziba mishipa midogo ya damu. Ilipoanza kuingia, maumivu yaleyale yakakimbia hadi kidole gumba. Nikapiga kelele.

"Huo ndio wenyewe, mama," akasema. "Naenda polepole."

Kuingia mpaka kutoka ilikuwa kama dakika 20. Mguu ukawa kama wa kuazima, nikakaa hapo hadi nikaweza kutembea bila kuyumba. Nilipewa karatasi ya mambo ya kunirudisha haraka: homa, mguu kuishiwa nguvu, kushindwa kuzuia mkojo, ganzi sehemu za siri, kichwa kinachouma ukisimama na kupoa ukilala.

Usiku maumivu yalirudi, kesho yake yakawa mabaya kuliko kabla. Nilikuwa nimeonywa kwamba steroidi huchukua siku kadhaa, la sivyo ningekata tamaa. Uso uliwaka moto siku mbili. Usingizi haukuja kabisa usiku wa kwanza, saa tisa usiku niko macho napiga vifungo. Sukari ilifika 13, siku ya sita ikatulia.

Siku ya tano bobini ilianguka ikabingiria chini ya meza. Nikainama, nikaiokota, nikaendelea kushona. Nilikuwa nimeshamaliza mkono mzima wa blauzi ndipo nikakumbuka kwamba nimeinama.

Sasa ni mwezi wa nne tangu sindano ya pili. Maumivu ya mguu yametoka 8 hadi 2 kwa kipimo cha kumi. Mgongo wenyewe bado unanuna asubuhi, na daktari alishaniambia kwamba sindano hii husaidia zaidi maumivu yanayoshuka mguuni kuliko ya kiunoni. Kidole gumba bado kina ganzi. Fiziotherapia niliianza wiki ya pili, mazoezi yaleyale yaliyonishinda mwanzo, na safari hii mwili ulikubali. Bila hayo sidhani kama ningefika hapa.

Ile ya kwanza siipi hata nyota moja. Ya pili naipa nne. Ya tano ameikosa kwa kuniacha nisubiri saa tatu nimefunga gauni la mgongo wazi.

Kwenye kiti cha cherehani nilifika dakika 50. Wiki hii zimeshuka hadi 40. Sindano inaweza kurudiwa, si mara nyingi kwa mwaka, na nikirudi mwezi ujao tutazungumza tena, pamoja na suala la upasuaji. Hadi hapo naendelea kuhesabu.