Mwalimu wa fidla za kisasa, Malindi: nyota nne

Mimi hupiga fidla kwenye taarabu za harusini, kwa hiyo binti yangu sikumpeleka kwa mwalimu huyu nikiwa mshamba wa mambo haya. Nilitaka ajue kusoma noti, basi. Masomo ni barazani kwake, mtaa wa Shella, shilingi elfu moja kwa saa, na kila mtoto huja na fidla yake.

Alichoanza kumfundisha ni kelele. Upinde upite karibu kabisa na kile kibao kinachobeba nyuzi, sauti itoke kama bati linalokwaruzwa. Kisha aupindue, agonge nyuzi kwa mti wake (upinde wa bei usiujaribu hivyo; yeye ameweka mkuukuu kwa kazi hiyo). Mama mtu akasema tunatupa pesa baharini. Lakini ukikaa ukasikiliza, mtoto haachiwi akwaruze ovyo. "Nipe sauti ileile mara tatu," humwambia, na ikibadilika wanarudia. Mkono wake wa kulia sasa umetulia kuwashinda wenzangu kadhaa wa jukwaani, na sisemi kwa kupendelea.

Vipande anavyovitumia sana ni vile 44 vya fidla mbili, alivyotunga Béla Bartók wa Hungaria mwaka 1931 kwa ajili ya wanafunzi. Namba 42 ni wimbo wa Kiarabu. Bartók alikwenda Biskra, Algeria, mwaka 1913 kukusanya nyimbo za wenyeji. Walipokifikia hicho, mwalimu akaniita: "Mzee, njoo ushike fidla ya pili." Nikashika. Nilipoanza kutia madoido akanikatiza: "Hapo kaandika noti kavu, iache kavu." Nikaiacha, ingawa mpaka leo naona madoido yangu yangenoga.

Jiandae kununua nyuzi. Kuna mtindo wa kuvuta uzi kwa nguvu mpaka urudi ugonge ubao, pa! Umepewa jina la huyohuyo Bartók, na watoto wanaupenda kupita kiasi. Uzi mwembamba hauvumilii. Mimi huagiza Mombasa, zinakuja na basi.

Anayetaka mwanawe apate vyeti atafute kwingine, mitihani hapa haitajwi. Nyota moja nimeikata kwa sababu ya saa: somo la saa kumi huanza saa kumi na nusu, na malipo ni yaleyale.