Miezi saba na padi ya wayalesi: stiki safi sana, mishale imeniangusha

Wadau, hii padi ya kuchezea gemu isiyo na waya nimekaa nayo miezi saba sasa, karibu kila siku, zaidi kwenye kompyuta, afu kwenye simu, na mara moja moja kwenye TV ya sebuleni, kwa hiyo naona naweza kuiongelea kwa haki, maana wiki ya kwanza kila kitu kipya kinakua kitamu na mtu anasifia mpaka boksi. Jina la kampuni siliweki. Ni hizi za daraja la kati ambazo zimejaa siku hizi na ndani zinafanana sana, hivyo nitakayosema yatakufaa hata kama unaangalia ya aina nyingine.

Kwanza kwanini niliachana na ile ya zamani. Ni drifti. Unaachia stiki kabisa (kile kijiti cha kusogeza kwa kidole gumba), padi iko mezani hakuna anayeigusa, na mchezaji wako anatembea mwenyewe kwenda kushoto. Kwenye gemu la mpira beki wangu alikua anaacha nafasi yake taratibu tu, mpira unapita palepale alipotakiwa asimame, goli. Nikapuliza, nikasafisha kwa spiriti, ikatulia wiki mbili ikarudi vilevile. Iliniuma kwa sababu batani zote zilikua nzima, triga nzima (zile za kuvuta kwa kidole cha shahada), betri bado inakaa, kitu kizima kinakufa kwa sababu ya kipande kidogo kama ukucha.

Nikaanza kusoma inakuaje. Stiki za kawaida chini yake zina potentiometa mbili, moja ya kulia na kushoto, nyingine ya juu na chini, na ndani ya kila moja kuna kichuma kinachosuguana na utepe wa kaboni kila unapoisogeza. Sasa piga hesabu mwenyewe, gemu moja la mpira unasogeza stiki mara ngapi? Ule utepe unalika, vumbi la kaboni linabaki humohumo, na padi inaanza kusoma namba za uongo. Kwa hiyo sio kwamba uliitumia vibaya. Kuchakaa kumo kwenye namna ilivyotengenezwa.

Ndo maana safari hii nilikua na sharti moja tu, stiki ziwe za Hall. Hizi hazisuguani, kuna sumaku inayosogea na sensa inayosoma nguvu ya ile sumaku, basi. Na wala sio uvumbuzi wa jana, Edwin Hall aligundua hilo jambo mwaka 1879, na padi ya Dreamcast, mashine ya gemu ya Sega, ilishatumia stiki za namna hii mwishoni mwa miaka ya 90, halafu padi nyingi zilizofuata zikaenda kwenye potentiometa. Inanikera kweli nikifikiria watu wametupa padi ngapi hapo katikati.

Na kwa hili padi yangu imefaulu. Miezi saba, drifti hakuna. Kila mwisho wa mwezi naipima, kama uko Windows andika joy.cpl kwenye ile sehemu ya Run, itakuja orodha ya padi, ingia kwenye Properties utaona alama ndogo ya msalaba ndani ya kiboksi, zungusha stiki, achia, angalia ile alama inatulia wapi. Fanya hivyo siku ya kwanza unayonunua kabla muda wa kurudisha haujaisha.

Ila kuna kitu watu hawasemi kuhusu Hall, na mimi nilikua sikijui. Nilipoingia kwenye gemu la kulenga shabaha nikashusha dedizoni mpaka sifuri (dedizoni ni lile eneo dogo la katikati ambapo gemu linapuuza stiki ikitikisika), nikaona shabaha inasogea kidogo sana upande mmoja nikiachia stiki kwa haraka. Nikashtuka nikajua drifti imerudi. Kumbe ni springi. Sumaku inasoma tu stiki ilipo, inayoirudisha katikati ni springi ileile ya chuma kama kwenye padi zingine zote, na springi hairudi sehemu moja kila mara. Nikapandisha dedizoni ikawa asilimia 4, ikaisha na haijawahi kunisumbua tena. Kwa hiyo mtu akikwambia Hall inamaliza matatizo yote ya stiki, inamaliza lile la kusuguana, la springi liko palepale.

Sasa tuje kwenye wayalesi yenyewe maana hapa ndo kuna maneno mengi. Padi yangu inaunganika njia tatu: waya wa USB-C, Bluetooth, na risiva ndogo ya USB inayokuja nayo ndani ya boksi. Watu wengi wanachukulia Bluetooth na ile risiva ni kitu kimoja kwa sababu zote hazina waya na zote ziko kwenye masafa ya 2.4 GHz. Kwenye kucheza ni tofauti kabisa. Kwa risiva padi yangu imeandikiwa inatuma taarifa mara 1000 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 1, kwa Bluetooth ni mara 125, yaani kila milisekunde 8. Peke yake milisekunde 8 ni ndogo, gemu la fremu 60 kwa sekunde kila fremu inachukua kama milisekunde 16.7. Ishu ni kwamba Bluetooth haiji kwa utaratibu, mara iko sawa mara taarifa inachelewa kidogo, na mkono unazoea kuchelewa kwa aina moja lakini hauzoei kuchelewa kunakobadilika badilika. Penalti ndo zilinionyesha. Kwa risiva nagusa na mpira unaenda nilipotaka, kwa Bluetooth mara nyingine unapaa juu ya goli kwa sababu kule kuachia batani kumefika baada ya nguvu kushajaa.

Na ukivaa hedifoni za Bluetooth kwenye kompyuta hiyohiyo wakati padi nayo iko Bluetooth, andaa moyo. Zinagombania redio moja. Mimi sauti ilikua inakatika na padi inalagi kwa pamoja, nikabadilisha padi ikawa kwa risiva yote mawili yakapona.

Ila hata risiva ilinitesa siku tatu za mwanzo mpaka nikataka kuirudisha padi. Ilikua inapotea ghafla, nakimbia mbele afu mtu wangu anaendelea kukimbia mwenyewe kama nusu sekunde batani hazifanyi kitu. Nikabadilisha chaneli ya Wi-Fi, nikasogea karibu, wapi. Baadaye nikagundua risiva nilikua nimeichomeka nyuma ya kompyuta, pembeni kabisa ya hadidiski ya nje inayotumia USB 3.0. USB 3.0 ikiwa inahamisha data inatoa kelele za redio kwenye hayohayo masafa ya 2.4 GHz, ni jambo linalojulikana na Intel walishaliandikia mwaka 2012. Na gemu lenyewe lilikua kwenye ile hadidiski! Yaani kila gemu likisoma data, padi inazibwa masikio. Nikaweka kawaya ka kurefusha, risiva ikakaa juu ya meza mbele yangu, na tangu siku hiyo haijakatika hata mara moja. Naomba kama padi yako inakata kata ujaribu hili kabla hujailaumu, na mimi nadhani kawaya hako kangepaswa kuwemo kwenye boksi, kampuni yangu hawakuweka.

Betri ni ya mAh 1000. Mtetemo ukiwa umewashwa nilipata kama masaa 11, nikiuzima inafika 15 na kidogo. Kwangu inatosha. Zamani wayalesi ilikua lazima ukose kitu, padi ya WaveBird ya Nintendo ya mwaka 2002 ilikua nzuri sana kwa umbali lakini haikua na mtetemo kabisa, sasa hivi unapata vyote. Mtetemo wenyewe una mota mbili kama kawaida, nzito kushoto na nyepesi kulia, na kwenye magari unasikia vizuri tofauti ya tairi kuteleza na kugonga ukuta. Malalamiko yangu kwenye betri ni mawili. Betri imefungwa ndani, sio ya kubadilisha, na lithiamu yoyote inachoka na miaka, kwa hiyo stiki zitadumu kuliko betri, jambo ambalo halinipendezi. Na taa ya chaji ni moja tu, inaanza kuwaka wakati imebaki kidogo sana, hujui uko nusu au robo. Mara mbili imezimika katikati ya mechi ya mtandaoni. Nashukuru ukichomeka waya inaendelea palepale, zipo nyingine zinakulazimisha uunganishe upya.

Tena kujizima. Ikikaa dakika 5 hujagusa kitu inalala, na hakuna pa kubadilisha. Kwenye gemu zenye hadithi ndefu unaangalia kipande kirefu, umeiweka pembeni kwa utulivu, hadithi inaisha padi imelala, mpaka ibonyezwe iamke na ijiunge upya adui ameshakupiga. Dakika 15 zingetosha kabisa.

Kwenye simu iko sawa lakini uwe makini na modi. Padi yangu ina modi tatu unabadilisha kwa kushikilia batani mbili pamoja, na kwenye modi moja ya Bluetooth triga zinageuka kuwa za kuwasha na kuzima tu, yaani gari ama linakimbia mwisho ama limesimama, hakuna kukanyaga nusu. Nilicheza gemu la magari siku nzima nafikiri ni gemu ndo bovu. Kama triga zako zimekua hivyo badilisha modi kwanza. Pia kuna modi inayobadilishana A na B kwa sababu mpangilio wa Nintendo na wa Xbox umepishana, hapo kidole kinachanganyikiwa siku mbili tatu.

Rangi na taa zake sina la kusema, nimezizima zinakula betri.

Umbo limekaa vizuri mkononi, mikono yangu ni midogo na L1 na R1 (zile batani mbili za juu, kushoto na kulia) nazifikia bila kunyoosha kidole. Batani za nyuma mbili mwanzoni niliziona urembo, sasa siwezi kurudi nyuma, kwenye gemu la kulenga unaruka huku kidole gumba hakijaondoka kwenye stiki, ni raha sana. Ila L1 na R1 zina mlio mkali, tak tak tak, usiku wenzako wakiwa wamelala utajisikia vibaya.

Sasa mishale. Ile mishale minne ya kushoto ndo sehemu iliyoniumiza zaidi kwa sababu napenda sana gemu za kupigana na ndizo nilizokulia. Kipande chake kinaelea. Ukibonyeza chini kidole kikiegemea kidogo tu kulia, inasoma chini na kulia kwa pamoja. Kwenye gemu la kupigana hapo umeharibu pigo zima, ulitaka kuchuchumaa ujikinge umejikuta umefungua mwili. Nilikaa jioni nzima kwenye mazoezi, pigo la robo duara (kidole kinatelezesha mishale kutoka chini kwenda pembeni) mara 50 upande wa kulia na mara 50 upande wa kushoto, kulia zilitoka 46, kushoto 31. Padi ya zamani yenye drifti, siku hiyohiyo, mikono hiyohiyo, zilitoka 48 na 47. Hakuna programu ya kurekebisha hilo, ni plastiki tu imekatwa vibaya, na ni huzuni kwa sababu waliotengeneza stiki nzuri namna hii wangeweza na mishale.

Kwa hiyo ukiniuliza kama ningeinunua tena, kwa mpira, magari, kulenga na gemu za hadithi ndio, na ningeinunua kwa ajili ya stiki tu. Kwa gemu za kupigana hapana, ishike kwanza mkononi uijaribu mishale. Ile ya zamani sijaitupa, gemu za kupigana nazicheza kwa mishale tu na drifti hapo haiingilii kama umezima stiki kwenye mipangilio, kwa hiyo zote mbili ziko mezani na mdogo wangu akija tunapeana kwa zamu, atakayetaka kupigana anachukua ile ya zamani.