Kununua na kurudisha vyombo vya muziki Tabora Mjini: tathmini ya duka moja

Duka ninalolitathmini lipo Tabora Mjini, si mbali na Soko Kuu, na linauza vinanda, magitaa, seti za ngoma, spika, maiki na vifaa vidogo vinavyohitajiwa na kwaya, shule na bendi za harusi. Sitalitaja jina, kwa sababu sipendi maandishi haya yageuke tangazo la biashara. Anayeishi hapa atalitambua. Kwa miaka kadhaa nimesimamia ununuzi wa vyombo vya kwaya yetu, na maoni yangu ni haya: bei zake ziko juu kidogo kuliko za Kariakoo na mzigo wake ni mdogo, lakini kwa namna linavyomruhusu mteja kujaribu chombo kabla ya kulipa, na namna linavyompokea akirudi na tatizo baada ya kulipa, linastahili kufikiwa kwanza na kila anayenunua chombo cha muziki katika mkoa huu.

Kinachonifanya niseme hivyo kinaanzia kaunta. Mteja akiingia husalimiwa vizuri, kisha huulizwa chombo anachokitafuta ni cha kazi gani, atakayekipiga ni nani na kitapigiwa wapi, kabla bei yoyote haijatajwa. Kinanda cha vibonyezo 61 kinazitosha kwaya nyingi, lakini mpigaji aliyezoea kupunguza na kuongeza nguvu ya vidole atasumbuka akiuziwa kile ambacho hakitambui uzito wa kidole, kwa kuwa sauti hutoka ileile, aguse taratibu au abonyeze kwa nguvu. Muuzaji asiyeuliza hutoa chochote kilichomkalia dukani, na baada ya wiki moja yeye na mteja wanaanza kubishana. Hapa nilimshuhudia mama mmoja aliyekuja kumnunulia mwanawe gitaa kubwa la nyuzi za chuma, na kijana wa kaunta akamwambia kwa upole: "Mama, mkono wa huyu mtoto hautafika huku mbele, na nyuzi hizi zitamuumiza vidole aache kabisa. Chukua hili dogo la nyuzi za nailoni, akikua mtarudi." Alitoka na chombo cha bei ndogo zaidi kuliko kile alichokuwa tayari kukilipia. Biashara ya namna hiyo ndiyo inayopunguza bidhaa za kurudishwa.

Kujaribu chombo kunaruhusiwa, na kunaruhusiwa kwa utaratibu. Kuna kiti, spika ndogo ya gitaa na hedifoni za vinanda, na mteja huombwa awe na mikono safi na ageuze bizimu ya mkanda pembeni ili isikwaruze mgongo wa gitaa. Nawasihi wenzangu tusiyaone maombi hayo kuwa dharau, kwa maana gitaa lililokwaruzwa na anayejaribu ni hasara ya mwenye duka, na mnunuzi wa baadaye atadai punguzo. Jambo jingine la adabu ni sauti. Anayejaribu besi kwa sauti ya ukumbini, huku mwenzake anajitahidi kusikia kama maiki inakoroma, anamnyima haki mtu aliyekuja na fedha yake kama yeye.

Kwa wasiojua wajaribu nini, kijana wa kaunta huwaonyesha mwenyewe. Kwenye kinanda hubonyeza kila kibonyezo, kimoja baada ya kingine, kwa sauti ya chini na kisha ya juu, kwa kuwa spika iliyopasuka hujificha sauti ikiwa ndogo. Kwenye gitaa hugusa uzi taratibu juu ya freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo ya gitaa) bila kuubonyeza, akaupiga, kisha akaubonyeza palepale na kuupiga tena; sauti hizo mbili zinapaswa kuwa moja. Zikipishana, gitaa hilo litakuwa sawa likipigwa karibu na kichwa na litatoka nje ya sauti likipigwa karibu na tumbo, hata ukilikaza kila asubuhi. Kwenye gitaa la umeme kasoro hiyo hurekebishwa kwa urahisi darajani, pale nyuzi zinapokalia tumboni mwa gitaa, lakini kwenye gitaa la kawaida la mbao ni kazi ngumu, na ni afadhali kuijua ukiwa bado dukani.

Suala la adapta linastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu hapo ndipo ugomvi mwingi wa kurudisha vinanda unapozaliwa. Umeme wa nyumbani kwetu ni wa volti 230. Kinanda kilichotumika Japani huja na adapta iliyotengenezwa kwa volti 100, na cha Marekani kwa volti 120, isipokuwa ile iliyoandikwa kwamba inapokea kuanzia 100 hadi 240. Adapta ya Japani ikichomekwa ukutani hapa Tabora huungua, na mara nyingine huondoka na ubao wa ndani wa kinanda. Mnunuzi atasema kinanda kilikuwa kibovu; muuzaji atasema mnunuzi amekiunguza. Kwaya moja jirani ilinunua kinanda kwa simu kutoka kwa muuzaji wa mbali, kikaungua siku kilipowashwa kwa mara ya kwanza, na walipouliza walijibiwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Muuzaji aliyejua kwamba mzigo wake umetoka nchi ya volti 100, akanyamaza, alipaswa kubeba hasara ile yeye mwenyewe, na sioni namna ya kulitetea jibu lake.

Katika duka hili adapta hugeuzwa chali mbele ya mteja, maandishi yake madogo yakasomwa kwa sauti, kisha kinanda huwashwa na kuachwa kikiwaka muda wote risiti inapoandaliwa. Nyuma ya nakala ya risiti huandikwa kwa kalamu namba ya kinanda na volti za adapta, na mteja hutia sahihi chini yake. Mstari huo mmoja wa kalamu unamlinda kila upande. Siku mteja akirudi, hakuna mwenye haja ya kukumbuka nani alisema nini.

Masharti ya kurudisha yamebandikwa ukutani kwa maandishi yanayosomeka ukiwa umesimama kaunta. Chombo chenye kasoro kinaweza kubadilishwa ndani ya siku 7, kikiwa na risiti, boksi na kila kilichokuja nacho. Vinanda na spika vina dhamana ya matengenezo ya miezi 6, ambayo haihusu adapta wala waya. Nyuzi zilizokwisha kufungwa kwenye gitaa, matete ya saksafoni na vinanda vya mdomo havirudishwi, na nakubaliana na hilo kabisa, maana kilichoingia kinywani mwa mtu mmoja hakifai kuuzwa kwa mwingine, na uzi uliokwisha kukunjwa kwenye kigingi haunyooki tena.

Mimi mwenyewe nimeujaribu uungwana wao kwa gitaa la kwaya. Lilinunuliwa wakati wa mvua likiwa zuri, na kiangazi kilipokolea likaanza kutoa sauti ya kukwaruza kwenye freti za mwanzo, dhamana ya kubadilisha ikiwa imekwisha zamani. Nilitarajia kuelekezwa kwa fundi wa mtaani. Badala yake fundi wa duka alilipokea, akalilaza juu ya kitambaa, akabonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ile ya mwisho kwa wakati mmoja, akajaribu kupitisha kadi nyembamba chini ya uzi huo kwenye freti ya 7. Kadi haikupita. "Mwalimu, chombo hakijaharibika," akaniambia. "Mbao zimekauka, shingo imerudi nyuma." Akaingiza spana ndogo ya pembe sita kwenye chuma kinachopita ndani ya shingo, akalegeza robo mzunguko, akakaza nyuzi upya na kupima tena, na akarudia mpaka kadi ikapita kwa kugusa kidogo. Hakunitoza kitu, na alinieleza kwamba magitaa ya mbao yanapenda hewa yenye unyevu wa karibu asilimia 45 hadi 55, hivyo kiangazi chetu cha Tabora kinayatesa, na kwamba tunapaswa kulihifadhi kwenye boksi lake, mbali na dirisha la jua. Huduma hiyo haikuwamo kwenye masharti ya ukutani. Mji uliolea bendi kama Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz unahitaji mafundi wa aina hii wakae kwenye maduka, na wanapopatikana wasemwe vizuri hadharani.

Sheria nayo ina neno lake hapa. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inatambua kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji kazi atakayoifanyia bidhaa, na akategemea ujuzi wa muuzaji huyo, bidhaa inapaswa kuifaa kazi hiyo. Sheria hiyohiyo inamtazama mnunuzi pia: akiikagua bidhaa kabla ya kununua, hawezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuionyesha, na akikaa nayo kwa muda mrefu kupita kiasi bila kusema lolote, huhesabiwa kuwa ameikubali. Kwa hiyo mazungumzo ya kaunta niliyoyaeleza yana maana ya kisheria, na mteja anayeogopa kusema kwamba anatafuta spika ya uwanjani anajidhuru, kwa sababu ataondoka na spika ya chumbani bila kuwa na pa kushika. Mwenye malalamiko ya kudanganywa, au ya kuuziwa maiki bandia yenye nembo ya kampuni kubwa, anaweza kuyafikisha Tume ya Ushindani, iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Bila risiti, hata hivyo, mlalamikaji ana kazi kubwa ya kuthibitisha kwamba alinunua. Duka hili hutoa risiti ya mashine bila kuombwa.

Nimewasifu, na sasa niseme yanayonikera. Kwanza, duka hubadilisha chombo lakini halirudishi fedha, hata pale ambapo hakuna chombo kingine cha aina hiyo dukani. Kumwambia mtu aliyetoka Kaliua asubiri mzigo mpya bila tarehe ni kumfanya awe mkopeshaji wa duka, na mwenye duka anapaswa kuliondoa sharti hilo kwa bidhaa ambazo yeye mwenyewe amekiri kwamba zina kasoro. Pili, mwenye duka asipokuwepo vijana wake hawana mamlaka ya kuamua lolote kuhusu kurudisha. Wanapokea kwa adabu, wanaandika jina, na mteja anaondoka mikono mitupu. Tatu, waya za maiki wanazouza ni dhaifu kwa vichwa vyake, na kwa kuwa ziko nje ya dhamana, hasara yote humwangukia mnunuzi. Hakuna pia gitaa hata moja la mpigaji wa mkono wa kushoto.

Upande wa wateja nao hauko safi. Wapo wanaonunua spika Ijumaa, wakaifanyia kazi ya harusi Jumamosi, na Jumatatu wakairudisha wakisema haiwafai, ikiwa bado na vumbi la ukumbi kwenye wavu wake. Wapo wanaokifungua kinanda kwa fundi wa redio kwanza, na mambo yakishindikana ndipo wanapolikumbuka duka. Tabia hizo zinawaumiza wateja waaminifu, kwa sababu mwenye duka aliyechezewa mara nyingi huanza kumshuku kila anayeingia na boksi mkononi. Kama chombo kilianguka, ni vyema kusema kilianguka. Nimemwona fundi wa duka akilibandika kwa gharama ndogo daraja la gitaa lililoanguka, kwa sababu tu mwenye gitaa alisema ukweli na fundi akajua pa kutazama. Anayerudisha kitu akifute, akikunje waya wake vizuri, akiweke kwenye boksi lake, na aeleze tatizo linatokea wakati gani: kikipata moto, kikichomekwa spika ya nje, au muda wote.

Kwa wanaotoka Sikonge, Urambo, Nzega au Kaliua, nauli ya kwenda na kurudi inaweza kula faida yote ya kubadilishiwa chombo, kwa hiyo pigeni simu kwanza na muulize kama mwenye duka yupo siku hiyo. Duka hupokea pia mizigo inayotumwa kwa basi. Mteja hulipia kuleta, na kasoro ikithibitika kuwa ya chombo chenyewe, duka hulipia kukirudisha. Wekeni nakala ya risiti ndani ya boksi, ile halisi ibaki nyumbani, na kabla ya kulifunga pigeni picha ya namba ya chombo iliyo nyuma au chini yake, kwa sababu hiyo ndiyo fundi huitazama kwanza anapolifungua.