Uzoefu wangu: pampu ya kupima presha ya rejeta, mwaka mmoja nikiwa nayo

Nina lori moja la silinda sita linalopiga Dar–Tunduma. Pampu hii niliinunua nikiwa nimeshaliwa pesa, na ningeijua mapema hedi yangu (kichwa cha injini) isingeguswa.

Ilianza kwa maji kupungua. Kila asubuhi dereva anaongeza lita moja, siku nyingine na nusu, chini hakuna hata tone. Joto halipandi, hata mlima wa Kitonga lori linapanda na mzigo bila wasiwasi. Halafu siku moja wakiwa Makambako akachomoa dipstiki (kijiti cha kupimia oili) na kunitumia picha: oili imegeuka chai ya maziwa, na ndani ya mfuniko wa kujazia oili kumeganda kitu kama krimu. Nikamwambia asiwashe tena. Oili yenye maji haibebi krenki, na ukilazimisha hata kilomita chache beringi zinakwenda.

Gereji ya kwanza haikupima chochote. Fundi aliangalia dipstiki tu, akasema, "Bosi, gasketi ya hedi hiyo." Hedi ikashushwa, ikaenda kuchongwa, ikawekwa gasketi mpya na oili mpya. Nililipa milioni moja na laki mbili. Siku ya tisa chai ya maziwa ikarudi. Sasa wakaniambia ni oringi za laina, yaani raba zinazozuia maji kwenye mikono ya silinda, tupasue injini yote. Hapo nikakataa, nikalivuta lori hadi kwa fundi mmoja mtu mzima ambaye swali lake la kwanza lilikuwa, "Mmepima presha?" Hakuwa na kifaa, cha kwake kilishakufa. Nikaenda Gerezani, nikanunua kwa 170,000.

Ni sanduku la plastiki lenye pampu ya mkono, geji, mpira na vifuniko vya saizi mbalimbali. Unafunga kimojawapo mahali pa kifuniko cha rejeta, injini ikiwa imezimwa na imepoa, unapampu mpaka namba iliyoandikwa kwenye kifuniko chako halisi, basi. Changu kimeandikwa 15, hatukuvuka paundi 15. Ukizidisha unaweza kutoboa rejeta nzima kwa mkono wako.

Kabla ya kupampu, mzee alifanya mambo mawili ya bure. Lori lilikuwa limelala usiku kucha, kwa hiyo alilegeza nati ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) taratibu sana. Maji ni mazito kuliko oili, yanakaa chini. Yakatangulia kutoka, kama vikombe viwili, ya kijani kama kulanti yangu, maji ya kupozea injini. Pili akafungua rejeta akaangalia kama kuna oili inayoelea. Injini ikiwa inafanya kazi, presha ya oili ni kubwa kuliko ya maji, kwa hiyo oili kula (kipoza oili) ikitoboka mara nyingi unakuta mafuta kwenye rejeta. Ukizima ndipo maji yanapoingia kwenye oili. Rejeta yetu ilikuwa safi.

Tukashusha sampu, tukapampu. Sindano ikaanza kushuka polepole: 15, 14, baada ya dakika ishirini iko 11. Nje pakavu. Mimi na utingo tukalala chini ya injini na tochi, tukitazama laina moja moja kutokea chini. Zote sita kavu. Hakuna hata unyevu. Ila mbele, upande wa gia za taimingi, tone la kijani linajikusanya, linaning'inia, linaanguka kwenye boksi tulilotandika. Baada ya muda jingine.

Mzee akamgeukia utingo: "Mwanangu, ukimwaga maji ya matangi ya upepo wa breki, huwa yana rangi gani?"

"Yana ukijani, mzee. Nilidhani ni uchafu tu."

Kumbe ni kompresa ya upepo, ile inayojaza matangi hayo. Kwenye injini kama yangu inapozwa na maji ya injini na kulainishwa na oili ya injini hiyo hiyo, na oili yake inarudi kwenye sampu kupitia kwenye gia za mbele. Tukachomoa mipira yake miwili ya maji, tukaziba kwa bolti na klipu, tukapampu upya. Sindano ikakaa 15 nusu saa nzima bila kutikisika. Hedi ya kompresa ilipofunguliwa ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Maji yalishukia kwenye silinda yake, yakapita ringi za pistoni yake hadi kwenye oili, na mengine yakasukumwa kwenye matangi. Hedi nyingine na gasketi vilinigharimu 260,000. Kwa kuwa sampu ilikuwa chini, tulikagua beringi pia. Mbili zilikuwa zimeanza madoa, tukazibadili zote. Kisha tukajaza oili ya bei nafuu, tukaunguruma dakika chache, tukamwaga. Tulirudia mara tatu na filta mpya kila mara mpaka ikatoka bila weupe.

Kuhusu kifaa chenyewe: geji inasomeka vizuri, pampu bado ina nguvu. Ubaya ni vifuniko. Kati ya vilivyomo, kwenye lori langu kimekaa kimoja tu, na oringi yake ilivuja mwezi wa nne. Ndiyo maana kabla ya kuhukumu injini napaka sabuni kwenye maungio ya pampu yenyewe. Povu likitoka hapo, sindano inakudanganya. Pia kuna ufa unaofunguka injini ikiwa ya moto tu, hivyo kipimo cha baridi kikikaa vizuri na maji bado yanapungua, pasha injini, izime, iache ipungue joto mpaka kifuniko kifunguke salama, upime tena.

Sanduku linakaa nyuma ya kiti cha dereva. Utingo sasa ananitumia picha ya maji ya matangi kila Jumapili, na hayana rangi.